Mlango Niliokuwa Nikiufunga

Nilikaa kwenye bodi ya shule miaka sita, minne kati ya hiyo nikiwa katibu. Wengi hutarajia nianze masimulizi yangu na bajeti au matokeo ya mitihani, lakini mimi kinachonijia kwanza ni mlango wa chumba cha mikutano. Ulikuwa wa mbao nzito na bawaba zake zilikuwa zimelegea, hivyo ili ujifunge sawasawa ilibidi uunyanyue kidogo kwa mkono mmoja huku ukivuta kitasa kwa mkono wa pili. Hiyo ilikuwa kazi ya katibu. Mwenyekiti akitamka kwamba tunaingia faragha, wageni walitoka, nami niliunyanyua mlango na kuufunga. Mara nyingi niliufunga kwa haki. Mara chache niliufunga kimakosa, na hizo ninazikumbuka moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ilitokea nikiwa na miezi mitano tu kwenye ukatibu. Ajenda ilikuwa na mambo saba, na la sita liliandikwa hivi: "Masuala ya watumishi, faragha." La saba lilikuwa maoni ya wazazi. Tulipofika la sita mwenyekiti aliwageukia wageni kwa heshima akasema, "Ndugu zetu, tunaomba mtupishe kidogo." Wakainuka watu wapatao ishirini. Miongoni mwao alikuwepo bibi mmoja aliyeshika karatasi iliyochanwa kwenye daftari na kukunjwa mara nne. Kabla ya kikao aliniuliza atapata lini nafasi ya kuzungumza, nikamwambia asubiri jambo la saba.

Ndani hatukuzungumzia mtumishi yeyote. Tulizungumzia mpango wa kuvunja darasa la watoto wenye mahitaji maalumu, kuwagawa watoto hao katika madarasa ya kawaida, na kufuta nafasi ya msaidizi wa darasa. Kwa kuwa msaidizi ni mtumishi, tukaona jambo zima ni la watumishi. Tulikaa karibu saa tatu. Mazungumzo yalikuwa mazuri, tena ya dhati: fedha zilikuwa zimepungua kweli, na hakuna aliyekuwa mle kwa nia mbaya. Mjumbe mmoja alisema, "Afadhali humu ndani, mtu unaweza kusema ukweli wako." Wote tukatikisa kichwa kukubali, na mimi pia. Kisha mwenyekiti akapitia meza, mjumbe mmoja mmoja, akiuliza kama tuko pamoja. Tulikuwa pamoja.

Nilipofungua mlango, kwenye korido walikuwa wamebaki watu wanane. Waliingia wakakaa. Hoja ikasomwa, ikaungwa mkono, mikono ikapanda yote. Niliandika muda wa kuanza na wa kumaliza kama ilivyokuwa desturi yangu: dakika nne. Bibi yule akasimama.

"Mmeamua saa ngapi?"

"Sasa hivi, Bibi," mwenyekiti akamjibu. "Umeona kura ilivyopigwa."

"Mikono nimeiona. Nauliza mmeamua saa ngapi."

Hakuna aliyemjibu. Wakati wa kutoka alinipa ile karatasi mlangoni. "Chukua, mwanangu. Mimi sina kazi nayo tena."

Niliisoma usiku huohuo. Ilikuwa imeandikwa kwa penseli, kwa herufi kubwa. Mjukuu wake ana kifafa. Msaidizi wa darasa ndiye pekee pale shuleni aliyekuwa akijua dalili inavyoanza: mtoto huanza kuvuta ukosi wa shati lake, tena na tena, na hapo zinabaki dakika chache tu. Msaidizi humlaza ubavu, husogeza viti, huwatuliza wenzake. Bibi alikuwa anaomba, kama darasa ni lazima livunjwe, yule msaidizi afuatane na watoto. Tulikuwa wajumbe tisa mle ndani kwa saa tatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyegusia jambo hilo, kwa sababu hakuna aliyekuwa akilijua. Aliyelijua alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango nilioufunga mimi.

Ndipo nikaanza kusoma. Nilianza na kanuni zilizokuwa zikituongoza sisi wenyewe, ambazo kwa kweli nilipaswa kuzisoma kabla ya kukubali ukatibu, kisha nikaona mwenzangu katika bodi nyingine anafanyaje, na watu wa nchi nyingine wamelitatuaje. Nilichokuta kwingi kinafanana. Sheria ya mikutano ya wazi ya jimbo la New York inaruhusu faragha katika mambo ya ajira, lakini inataja mtu mahususi: kuajiriwa kwake, kupandishwa kwake, kuadhibiwa kwake, kuondolewa kwake. Kufuta nafasi kwa sababu fedha hazitoshi si habari ya mtu. Ni sera ya shule, na sera inazungumzwa mbele ya wenye watoto. Mstari huo mmoja ulinionyesha kosa letu lote. Tulikuwa tumetumia neno "watumishi" kama ufunguo, bila kuuliza ni mtumishi gani.

Niliguswa pia na historia ya California. Mwaka 1952 mwandishi wa gazeti la San Francisco Chronicle, Michael Harris, aliandika mfululizo wa makala kumi kuhusu mabaraza na bodi zilizokuwa zikiamua mambo ya umma mafichoni. Mwaka uliofuata, 1953, jimbo likapitisha sheria inayojulikana kama Brown Act, ambayo hadi leo inazibana bodi za shule pamoja na mabaraza ya miji. Ajenda ya kikao cha kawaida lazima ibandikwe saa 72 kabla. Ukitaka kusikiliza malalamiko dhidi ya mtumishi faragha, unampa taarifa ya maandishi saa 24 kabla ili, akipenda, adai yasikilizwe hadharani. Hilo la pili lilinifikirisha sana. Faragha ile ni ya mtumishi. Bodi imeishika tu kwa niaba yake, na mwenyewe akitaka mlango uwe wazi, bodi haina cha kukataa.

Si kila mahali wamefuata njia moja. Uingereza, bodi za magavana wa shule hazilazimiki kuendesha vikao vyao mbele ya umma. Lakini kumbukumbu zake lazima ziwe tayari kwa anayetaka kuzisoma, na kinachoondolewa ni yale yanayomtaja mtumishi au mwanafunzi, au jambo ambalo magavana wenyewe wameridhika kwamba linastahili kubaki siri. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 118, inalizuia Bunge zima kuwafungia wananchi nje isipokuwa katika hali ya kipekee, spika akiwa ameona kuna sababu ya haki. Nilijiambia, kama Bunge linaulizwa sababu, sisi tisa wa bodi ya shule ni akina nani tusiulizwe?

Nilimwendea mwenyekiti nikiwa na karatasi ya bibi mkononi. Nilikuwa na hofu, maana alikuwa mtu wa makamo aliyeheshimika sana na nilikuwa naenda kumwambia kwamba uamuzi wake, na wetu, haukupatikana kihalali. Alisoma karatasi yote. Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Rudisha hoja kwenye ajenda. Na andika wazi kwamba ni ya kuvunja darasa, usiandike watumishi." Nimefanya kazi na wenyeviti watatu, na heshima yangu kwa yule haijapungua tangu siku ile. Wapo wengi ambao wangeniambia kura ilipigwa hadharani, yamekwisha.

Kikao cha kurudia kilikuwa kigumu. Ukumbi ulijaa, watu walizungumza kwa hasira, na wajumbe wawili walilazimika kusema mbele ya wazazi yale waliyoyasema kwa urahisi mlango ulipokuwa umefungwa. Mmoja wao, yule aliyesifia kusema ukweli humu ndani, alianza sentensi yake mara tatu. Bibi alisoma karatasi yake, niliyokuwa nimemrudishia, na aliposoma pale penye ukosi wa shati chumba kizima kilitulia. Mwishowe darasa lilivunjwa vilevile, kwa sababu fedha hazikuwepo na hazikuzaliwa kwa sababu ya kikao kuwa wazi. Lakini nafasi ya msaidizi ilibaki, na utekelezaji ukasogezwa hadi mwanzo wa mwaka mpya wa masomo ili walimu wapate kufundishwa. Wazazi wawili waliwahamisha watoto wao. Sitasema kila mtu aliridhika. Ila hakuna aliyetuuliza tena tumeamua saa ngapi.

Baada ya hapo ningeweza kuwa mtu wa kupinga faragha moja kwa moja, na kwa miezi kadhaa nilikuwa hivyo. Kilichonirudisha ni mvulana mmoja.

Aliletwa mbele yetu kwa kosa kubwa la nidhamu, na tulikuwa na mamlaka ya kumfukuza. Shauri la namna hii ndilo hasa mlango uliwekewa. Tulimuuliza mama yake kama angependa lisikilizwe hadharani, akatikisa kichwa kukataa. Mjumbe mmoja alikuwa na mpwa aliyehusika katika tukio lile, akatoka chumbani kabla hatujaanza. Hakukaa kimya pembeni, alitoka kabisa, na niliandika muda aliotoka. Mwalimu aliyekuwa shahidi aliingia, akasema lake, akatoka. Katika kumbukumbu sikuandika jina la mtoto, niliandika namba. Yale aliyoyaeleza mvulana yule kuhusu yaliyokuwa yakimpata nyumbani kwao sitayaandika hapa wala popote. Alikuwa akizungumza huku ameikodolea macho meza, na kidole chake kikifuata mkwaruzo uliokuwa kwenye mbao, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Kama kungekuwa na hata mgeni mmoja kwenye kile chumba, nina hakika asingesema neno.

Hatukumfukuza. Uamuzi wenyewe ulisomwa mlango ukiwa wazi, kwa namba, bila jina. California pia hufanya hivyo: shauri la kumfukuza mwanafunzi husikilizwa faragha, mwenyewe asipotaka vingine, lakini kura ya mwisho ya kumfukuza lazima ipigwe hadharani. Tulimpa masharti na nafasi ya kurudi darasani wiki iliyofuata.

Siku ya tatu habari zilikuwa zimetoka. Si za kosa lake, hizo zilijulikana. Zilitoka zile za nyumbani kwao. Mtoto wa darasa la chini alizirudia kwenye foleni, neno kwa neno, asijue hata anachosema. Mjumbe mmoja alikuwa amemsimulia mwenzi wake, na mwenzi akamsimulia mtu mwingine. Mjumbe huyo alikiri mbele yetu akilia, akajiuzulu. Mvulana hakurudi shuleni. Mama yake alikuja kuchukua vitabu vyake siku ambayo hapakuwa na masomo.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na sidhani lilikuwa la mtu mmoja. Sisi wenyewe tulikuwa tumeifanya faragha kuwa kitu chepesi. Kwa miaka, tulifunga mlango ili kujadili rangi ya sare, ratiba ya mahafali, barua ya mzazi msumbufu, chochote ambacho kingetuletea maneno. Mjumbe akitoka nje na habari ya sare kutoka faragha, nani angemlaumu? Kila mtu alijua haikuwa siri ya kweli. Kwa hiyo siku ilipokuja siri ya kweli, mdomo ulikuwa umeshazoea. Mlango ulipofungwa kwa ajili yetu kila mara, ulishindwa kumfunika mtoto siku alipouhitaji.

Kuanzia hapo nilianza kuuliza swali moja kila tulipokaribia kufunga, na nililiuliza kwa sauti: anayelindwa ni nani? Jibu likiwa mtoto, sawa. Likiwa mtumishi anayetajwa kwa jina, sawa, akishapewa taarifa. Likiwa shule yenyewe mbele ya mtu anayebishana nayo kwa fedha au mahakamani, sawa pia. Likiwa "watu wataelewa vibaya", tunabaki wazi.

Hilo la fedha nilijifunza tulipotaka kununua kiwanja jirani na shule. Mwenye kiwanja alikuwa akihudhuria vikao vyetu, amekaa safu ya pili, akisikiliza kwa makini. Haingekuwa na maana kutaja mbele yake kiasi cha juu tulichokuwa tayari kulipa. Kwa hiyo tulijadili hadharani kama tunahitaji kiwanja, kwa nini, na ni kipi. Kiwango cha bei na masharti ya malipo ndiyo yaliyoingia faragha, na mauzo yalipokamilika bei ikasomwa kikaoni. Wazazi hawakulalamika hata mara moja, kwa sababu tangu mwanzo walijua kilichokuwa nyuma ya mlango ni nini, hata kama hawakujua namba.

Utaratibu wenyewe tuliuandika upya. Hatukuingia tena faragha kwa mwenyekiti kuomba watu watupishe. Mjumbe alitoa hoja mlango ukiwa wazi, akitaja sababu na kifungu, nani atabaki ndani, na kama tunatarajia kurudi na uamuzi. Hoja ikapigiwa kura, nami nikaandika nani alikubali na nani alikataa. Kisha tulipotoka tukasema tumejadili kitu cha aina gani, na kura yoyote ikapigwa hapo. Texas wana kanuni hiyo hiyo ya kura ya mwisho kupigwa hadharani, na wanailazimisha bodi kutunza ajenda iliyothibitishwa, yaani muhtasari wa mambo yaliyojadiliwa, au sauti iliyorekodiwa ya kikao cha faragha kwa angalau miaka miwili. Jambo linaloonekana dogo, lakini kujua kwamba jaji anaweza kuja kusikiliza siku moja hubadilisha namna watu wanavyozungumza.

Kazi ngumu zaidi kwa katibu ni mazungumzo kupotea njia mlango ukishafungwa. Tulikuwa tukimtathmini mwalimu mkuu, jambo halali kabisa la faragha. Mjumbe akasema usimamizi wake wa majengo si mzuri. Mwingine akataja vyoo vya wasichana. Wa tatu akasema vyoo vile vinahitaji kujengwa upya, na baada ya dakika kumi tulikuwa tunapanga ujenzi, na mkandarasi anatajwa. Hakuna aliyekusudia. Niliinua mkono nikasema, "Mwenyekiti, tumetoka kwa mwalimu, tuko kwenye vyoo." Mara ya kwanza walinikasirikia. Baadaye wajumbe wenyewe wakawa wanakumbushana, na vyoo vikaingia kwenye ajenda ya wazi ya mwezi uliofuata, ambako wasichana wawili wa darasa la juu walikuja kutueleza vilivyokuwa. Kuwepo kwa mwanasheria nako tuliacha kukuchukulia kama kibali. Alikuwa akituambia mwenyewe: ushauri wa kesi ni siri, lakini mimi kukaa mezani hakugeuzi kila mnachosema kuwa siri.

Na lipo kundi la simu. Tulikuwa na kundi la wajumbe la kutumiana taarifa za vikao, na siku moja nikaona hoja inajadiliwa humo tangu asubuhi, akidi ikiwa imetimia bila mtu kutambua, na kufikia jioni wajumbe sita walikuwa wameshasema watakavyopiga kura. Hicho kilikuwa kikao cha faragha kisicho hata na mlango wa kufungua. Nilichapisha mazungumzo yale yote nikayaweka kwenye kumbukumbu za kikao kilichofuata, ili waliokaa kwenye viti vya wageni wayasome. Wajumbe wengine walinuna. Kundi tukaliacha libaki na tarehe na mahali pa vikao tu.

Kumbukumbu za faragha niliziweka kwenye bahasha, moja kwa kila kikao, nimezifunga na kuandika tarehe na sababu kwa juu. Kutoka sheria ya Illinois nilichukua desturi ya kuzipitia kila miezi sita ili kuona ipi bado inahitaji kufungwa. Kule wanarekodi hata sauti ya kikao kizima. Kesi ikiisha, bahasha inafunguliwa. Kiwanja kikinunuliwa, inafunguliwa. Tulizisoma mbele ya bodi nzima, na mara nyingi tulikuta kwamba kilichotutia hofu mwaka uliopita hakikuwa na la kuogopesha tena.

Siku ya kukabidhi ukatibu nilikuwa na sanduku lenye bahasha kumi na nne. Tisa zilikuwa zimeshafunguliwa na kuingizwa kwenye jalada la kawaida, ambalo mzazi yeyote angeweza kuomba kulisoma. Katibu mpya alikuwa kijana makini. Aliniuliza zile tano zilizobaki zitafunguliwa lini. Nikampitisha moja moja. Tatu ni za watumishi, mbili kati yao bado wapo kazini. Moja ni ya kesi iliyokuwa bado mahakamani. Ya tano ilikuwa chini kabisa, ina namba badala ya jina.

"Na hii?" akauliza.

Nikamwambia hiyo asiifungue. Aliitazama, akairudisha chini ya zile nne, akafunga sanduku. Kisha tukatoka, nikamwonyesha namna ya kuunyanyua mlango.